Ubao Usio na Mwenyewe

Chicago, 6 Novemba 2006

Kwa: Huduma kwa Watumiaji, Porchlist, San Jose, California

YAH: TANGAZO LA NYUMBA, MTAA WA KOLBE

Ndugu wahusika,

Naandika kwa karatasi na stempu kwa kuwa barua pepe zangu zote zimejibiwa na mashine, nayo imenishukuru kwa kuwachagua ninyi. Sikuwachagua. Natafuta nyumba, na siku hizi hapa Chicago gazeti limebaki la kufungia vyombo. Nyumba zote ziko kwenye tovuti yenu.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya msingi. Nina binti mmoja, Odessa, ana miaka tisa, naye ni kiziwi. Shule yenye darasa la watoto wanaosoma kwa lugha ya ishara iko Mtaa wa Kolbe, na sisi tunakaa upande wa pili wa jiji. Binti yangu huamka kungali giza, hupanda basi, hushuka, hupanda jingine, na akifika darasani anasinzia. Mwalimu wake ameniambia bila kunificha kwamba mtoto anarudi nyuma, na anachokosa ni usingizi tu, akili anazo. Juu ya hayo, jengo letu limeuzwa na mwisho wa Januari lazima tuwe tumetoka.

Juzi nikaona kwenu tangazo la ghorofa ya juu katika nyumba ya familia mbili, Mtaa wa Kolbe, unaiona shule kutoka dirishani. Vyumba viwili, jiko la gesi, kibaraza cha nyuma. Moyo ukaniruka. Halafu nikasoma chini yake, penye kisanduku kinachosema MPANGAJI UNAYEMPENDELEA:

"Mtu mzima, Mkatoliki, anayeishi peke yake. Watoto hapana. Weusi, samahani, hapana."

Mimi ni mweusi, nina mtoto, na nasali kwa Wabatisti. Sijabakiziwa hata upenyo. Ila nashukuru kwa hiyo "samahani". Bibi yangu alipohamia mji huu kutoka Mississippi hawakumpa hata hiyo.

Tangazo la namna hiyo ni kosa la sheria tangu kabla sijazaliwa. Gazeti likilichapa, gazeti linashtakiwa. Liondoeni. Na anayenijibu safari hii awe mtu mwenye jina.

Ozella Tribble

*

San Jose, 10 Novemba 2006

Mpendwa Mtumiaji,

Asante kwa kuwasiliana na Porchlist, mahali ambapo kila mtu ana mlango wake!

Tunachukia ubaguzi wa aina zote. Hata hivyo tungependa ufahamu kwamba Porchlist ni ubao tu. Matangazo huandikwa na watumiaji wenyewe. Sisi hatuyatungi, hatuyasomi kabla hayajatoka, wala hatuna uwezo wa kukagua kila neno linalobandikwa. Sheria ya nchi inalitambua jambo hili: mwenye tovuti hahesabiwi kuwa msemaji wa maneno ya mtu mwingine.

Kama una malalamiko, tunakushauri uwasiliane moja kwa moja na mwenye tangazo.

Uwe na siku njema kibarazani!

Wesley Crandall
Huduma kwa Watumiaji

*

Chicago, 14 Novemba 2006

Bwana Crandall,

Mimi si Mpendwa Mtumiaji. Jina langu liko chini ya barua yangu, na lako nimeliona chini ya yako, basi tuitane majina.

Unasema ninyi ni ubao. Sawa, tuzungumze ubao. Pale ninapofulia nguo pana ubao wa matangazo, mwenye duka anaitwa Bwana Ochoa. Siku moja mtu alibandika karatasi ya chumba cha kupanga, akaandika Wameksiko wasijisumbue. Bwana Ochoa aliisoma, akaichana, akaitupa kwenye pipa la maji machafu. Hakuita wakili. Hakusema yeye ni ukuta tu na kuta hazina macho. Ubao wake ni mdogo, lakini una mwenyewe. Wa kwenu ni mkubwa kuliko nchi, na mwenyewe haonekani.

Ulinishauri niende kwa mwenye tangazo. Nilikwenda hata kabla barua yako haijafika, na habari zake tutazungumza mimi na yeye.

Na kwa vile mmesema ubao ni wa wote, nami nimebandika langu jana. Kile kisanduku chenu kilikataa kuniachia mpaka nikijaze, nikakijaza. Nakunakilia, maana umesema hamsomi:

"NATAFUTA NYUMBA karibu na shule ya Mtaa wa Kolbe. Mwalimu, binti mmoja, piano moja. Mwenye nyumba ninayempendelea: mwenye kunitazama usoni. Wabaguzi, samahani, hapana."

Ozella Tribble

*

Chicago, 14 Novemba 2006

Bibi Halina Pacholski,

Jumamosi nilikuja kugonga mlango wako kuulizia ghorofa ya juu. Hukufungua, lakini pazia la sebuleni lilitikisika. Mama yangu alinifundisha kutokwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo nimeuacha mlangoni mkate wa mahindi niliokuja nao. Kuurudisha nyumbani ningeona aibu, ingawa aibu haikuwa yangu.

Nimelisoma tangazo lako lote, pamoja na kile kisanduku. Nataka ujue nani uliyemkataa. Ni mwalimu asiyekunywa, asiyevuta, mwenye barua nzuri kutoka kwa mwenye nyumba wake wa sasa. Ni mtoto wa miaka tisa ambaye hawezi kusikia ukimtukana, kwa hiyo ilikubidi umwandikie.

Ghorofa yako iko jirani na shule yake. Bado naitaka. Nikisema sina hasira na wewe nitakuwa mwongo, lakini hasira zangu hazinilazi nje.

Ozella Tribble

*

Mtaa wa Kolbe, 20 Novemba 2006

Bibie Tribble,

Barua nimeipata. Pazia lilitikiswa na paka.

Nyumba hii marehemu mume wangu Zygmunt aliinunua kwa jasho la kiwanda cha chuma. Tumekaa parokia ya Mtakatifu Kunegunda maisha yetu yote. Mimi nakaa chini, juu napangisha, na anayetembea juu ya kichwa changu namchagua mwenyewe. Mpwa wangu Ronnie anasema sheria inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humohumo ndani. Nina miaka sabini na minane na kelele za watoto siziwezi.

Tena nimekwisha pata mpangaji. Kijana mtulivu, Mkatoliki, anaishi peke yake. Kwa hiyo hakuna haja ya kugonga tena.

Tangazo lile liliandikwa kwenye kompyuta na binti wa Ronnie. Mimi mitambo hiyo siigusi.

H. Pacholski

Mkate wako niliwapa ndege.

*

San Jose, 27 Novemba 2006

Bi. Tribble,

Tunasikitika kukufahamisha kwamba tangazo lako la tarehe 13 Novemba liliondolewa siku hiyohiyo jioni kwa kukiuka Masharti ya Matumizi, kifungu cha lugha ya uchochezi. Watumiaji wawili walilalamika kwamba neno "wabaguzi" limewaudhi.

Tunathamini mchango wako kibarazani.

Wesley Crandall
Huduma kwa Watumiaji

*

Chicago, 4 Desemba 2006

Bwana Crandall,

Nimeicheka barua yako mpaka Odessa akaja kuniangalia kama nimeugua. Nilipomweleza kwa mikono, akanijibu kwa mikono: "Kumbe wana kifutio!"

Kumbe mnacho! Mlisema hamsomi, mkanisoma. Mlisema hamwezi, mkaweza kabla jua halijatua. Langu limeudhi watu wawili, likafa siku ileile. La Bibi Pacholski limeniudhi mimi na binti yangu, na leo asubuhi nimelikuta lingali hai, ingawa ghorofa imekwisha pata mtu. Basi usiniambie tena hamna mkono. Mkono mnao. Nataka kujua nani anauamrisha.

Wewe uko California, theluji unaiona kwenye kalenda. Wiki hii imetuangukia kweli. Huku kwetu mtu akishika koleo akachimba nafasi ya gari lake barabarani, huweka kiti cha jikoni pale katikati, na nafasi inakuwa yake mpaka barafu iyeyuke. Haijaandikwa popote, polisi hawaulizwi, lakini ukikihamisha kiti hicho utalikuta gari lako halina upepo matairini. Watu hugombana juu ya viti hivyo mpaka wakashikana mashati. Ila tangu nizaliwe sijasikia mtu akisema kiti kimejiweka chenyewe.

Kisanduku kile nacho hakikujiweka. Kuna mtu kwenu alikaa mezani akaona kuuliza vyumba vingapi hakutoshi, akaongeza: unampendelea nani? Akakifanya kiwe cha lazima. Bibi wa Mtaa wa Kolbe ana lake la kujibu. Lakini aliyemwekea kiti akamwambia "keti hapa useme nani humtaki" ni ninyi.

Nimekwenda ofisi ya haki za makazi ya hapa mjini. Shauri limefunguliwa, juu yenu na juu yake.

Ozella Tribble

*

San Jose, 11 Desemba 2006

Mwalimu Tribble,

Barua hii naiandika kwa mkono na naituma kwa stempu yangu. Karatasi za ofisi hazihusiki.

Zile barua za kwanza sikuziandika mimi. Zipo tayari, sisi tunabonyeza tu na jina linaingia. Hiyo salamu ya kibarazani nayo, tafadhali usidhani ni yangu. Mama yangu angenikana.

Uliuliza nani anauamrisha mkono. Nikauliza mkutanoni. Wakanijibu kwamba matangazo yenye kisanduku kilichojazwa hupata wasomaji wengi, na wasomaji wengi ndio wanaotuletea wenye biashara. Nikauliza, na maneno kama yale ya Mtaa wa Kolbe? Wakasema tukianza kufuta kwa kusoma, tutakuwa tumekiri kwamba tunasoma. Mmoja wao akacheka. Mimi nikatoka.

Kile kitufe kilichofuta tangazo lako kipo pia kwenye tangazo la Bibi Pacholski. Ni kilekile. Nimekibonyeza leo.

Wesley Crandall

*

San Jose, 19 Desemba 2006

KWA NJIA YA REJESTA

Bi. Tribble,

Bwana Wesley Crandall hayuko tena na kampuni hii. Mawasiliano yoyote aliyoyafanya nje ya utaratibu hayawakilishi msimamo wa Porchlist.

Kuhusu shauri ulilofungua: Porchlist haikuandika tangazo husika. Liliandikwa na mtumiaji kwa hiari yake, na sheria inatukinga waziwazi. Tuna hakika mahakama itasema hivyo.

Hata hivyo, kwa nia njema na bila kukiri kosa lolote, tuko tayari kukulipia dalali atakayekupatia nyumba kabla ya mwisho wa Januari katika eneo jingine linalokufaa zaidi. Kwa upande wako utafuta shauri na utaahidi kutolizungumzia popote. Fomu ya makubaliano imeambatishwa. Tunatarajia sahihi yako kabla ya mwaka mpya.

Meredith Sloane
Wakili, Idara ya Sheria

*

Chicago, 22 Desemba 2006

Wakili Sloane,

Nikwambie ukweli, nusura nisaini. Nimeiweka fomu yenu juu ya piano, kalamu nimeishika. Masanduku yetu yamejaa korido na bado sijui yanakwenda wapi. Odessa amelala na koti lake la shule ili asubuhi asipoteze muda wa kulivaa. Ukitaka kuniona nimeshikwa pabaya, ndipo hapo.

Kisha nikairudia ile mistari na jicho likagota kwenye "eneo jingine linalokufaa zaidi". Linanifaa zaidi kwa lipi, wakili? Shule iko Mtaa wa Kolbe. Haihami. Bibi yangu naye aliambiwa kuna maeneo yanayomfaa zaidi, akaoneshwa mtaa ambao panya walikuwa wametangulia. Ninyi mmelisema kwa karatasi nzuri tu.

Na hilo la kutolizungumzia sahau kabisa. Nimelea mtoto ambaye watu walitaka akae kimya kwa sababu hasikii. Nilimfundisha kusema kwa mikono yote miwili. Leo nimwambie mama yake ameuza mdomo?

Fomu yenu nairudisha. Sikuichana, maana Odessa amechora farasi nyuma yake na amesema mnaweza kuendelea nayo.

Sheria inawakinga, umesema. Huenda. Nitaingia mahakamani nimsikie hakimu akisema mwenyewe, na akisema hivyo, kuna mahakama ya juu yake. Bwana Crandall mliyemfukuza kwa kubonyeza kitufe kimoja, mpeni salamu zangu mkimwona. Mwambieni kuna mtu Chicago ametamka jina lake kanisani.

Ozella Tribble

*

Mtaa wa Kolbe, 10 Januari 2007

Bibie Tribble,

Usishangae kupata barua yangu. Mimi mwenyewe nashangaa.

Ijumaa iliyopita walikuja watu wawili wa ile tovuti, mwanamke na kijana mwenye mkoba. Nikawapa chai na keki ya mbegu za mpopi kwa sababu ya baridi. Wakatoa karatasi niitie sahihi. Ilisema maneno yote ya tangazo niliyatunga mimi kwa hiari yangu, hakuna aliyeniuliza, na tovuti haikuwa na mkono humo. Nikawaambia nisomeeni tena. Wakasoma. Yule mwanamke akaniwekea kalamu mkononi akasema, "Mama, ni utaratibu tu."

Sasa nakueleza ilivyokuwa. Siku ile binti wa Ronnie alikaa na kompyuta, mimi nikawa namsomea niliyoyaandika nyuma ya bahasha: vyumba viwili, jiko la gesi, kibaraza. Basi. Sikuwa na jingine. Tukataka kumaliza, kompyuta ikakataa. Ikatoa maneno mekundu: jaza mpangaji unayempendelea. Nikasema andika "yeyote mwema". Binti akaandika. Ikakataa tena. Ikasema jibu fupi mno, eleza zaidi, kama vile umri, familia, dini. Nikakaa nikafikiri. Ndipo yakanitoka yale.

Yalinitoka mimi. Sitasema hayakuwamo. Yalikuwamo tangu utoto wangu, na sikupata kuyasema kwa sauti kwa kuwa hakuna aliyepata kuniuliza hivyo, tena mara mbili. Nimekwenda kwa padre nimeyaungama. Dhambi yangu naibeba mwenyewe. Lakini ya kwao siibebi! Kunifanya mimi, mjane, nitie sahihi kwamba hawakuuliza, na waliniuliza mpaka nikajibu! Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia nyumba hii Zygmunt aliinunua kwa mkono wa kweli na haitasainiwa uongo juu ya meza yake. Keki ikabaki kwenye sahani.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya haki za makazi nikatoa kiapo changu. Nimeyasema yote, yangu na yao. Ronnie amenuna. Na anune.

Ghorofa ya juu iko wazi. Yule Mkatoliki mtulivu asiye na watoto alikuwa na nyoka. Alimfuga kwenye beseni la kuogea. Siku ya Noeli nyoka huyo alishuka kwa bomba hadi jikoni kwangu, nikaita wazimamoto.

Kama bado unaitaka, njoo uione.

Halina Pacholski

Mimi sina paka. Na ndege hawakuuonja ule mkate.

*

Chicago, 15 Januari 2007

Bibi Pacholski,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu viti viko ndani ya maboksi. Nilicheka kwa ajili ya nyoka na nikalia kwa ajili ya mengine, na sipendi kulia kwa sababu yako, kwa hiyo nimekasirika upya.

Walikuuliza mara mbili, naamini, na kiapo chako kimewaumiza. Wanasheria wa ofisi ya haki za makazi hawakukitegemea. Lakini mara ya kwanza ulisema "yeyote mwema". Ningekuwa nimeshahamia kwako wiki ileile. Ulikuwa na jibu sahihi mdomoni, bibi, ukalimeza kwa sababu mashine imekunja uso. Hilo ndilo linaloniuma. Chuki ya mtu anayenichukia naijua, nimeizoea kama baridi ya huku. Hii yako ya kuombwa ukaitoa sikuijua.

Naja kuiona ghorofa. Ila tuelewane kabla. Siji kama kitubio chako. Padre akikupa adhabu, isiwe mimi. Naja kama mpangaji: nalipa kodi, naingia kwa mlango wa mbele, na mkataba unaandikwa kama wa mtu yeyote. Shauri sitalifuta, juu yao wala juu yako. Nina piano, na wanafunzi huja Jumamosi.

Halafu Odessa. Umesema kelele za watoto huziwezi. Viziwi wakitaka kuitana hukanyaga sakafu, mtetemo ndio sauti yao. Utakuwa chini yetu na utasikia kila mguu. Nikiwa jikoni na yeye ananihitaji, dari yako itajua kabla yangu. Sitamwambia aache. Mtoto huyu ameombwa anyamaze mahali pengi mno.

Kama hayo hayawezekani, sema sasa. Tuna wiki mbili.

Ozella Tribble

*

Mtaa wa Kolbe, 19 Januari 2007

Mwalimu Tribble,

Una mdomo mkali. Mama yangu mzazi angekupenda, alikuwa hivyohivyo, na hakuna aliyetaka kukaa naye.

Shauri liache liende. Nikipatikana na hatia nitalipa nitakachoambiwa. Ronnie anasema nimechanganyikiwa kumpangisha mtu aliyenishtaki. Nimemwambia yule asiyenishtaki aliniletea nyoka.

Sijui kama nitakuzoea, nakwambia kweli. Nimezeeka katika mawazo yangu na hayatoki kama meno. Juzi mlipokuja kuiona ghorofa mtoto alinitazama sana usoni, nikaona haya, kisha nikakumbuka ndivyo anavyosikiliza. Uliniambia niliposhuka alitandaza viganja vyake sakafuni kuona kama mimi chini ninatembea. Nilipogonga dari kwa mpini wa ufagio, vile Zygmunt alivyokuwa akiwagombeza wapangaji, alishuka mbio akidhani nimemwita. Nikampa pierogi, sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi.

Dari na ijue inachotaka kujua. Mkataba uko tayari. Mlango ni wa mbele, hakuna mwingine unaofunguka, wa nyuma umeganda.

Lori lenu lije mapema. Theluji inakuja nyingi, na mtaa huu nafasi ni za kupigania.

Halina Pacholski

*

Ghorofa ya Pili, Mtaa wa Kolbe
Chicago, 5 Februari 2007

Wakili Sloane,

Nimepokea barua yenu ya kumwomba hakimu alitupe shauri letu kwa kuwa Porchlist ni ubao tu na haukuuliza kitu. Nakujibu mwenyewe kabla wanasheria wangu hawajakujibu kwa lugha yenu.

Kwanza, tazama juu ya barua hii. Hiyo ndiyo anwani yangu. Ni nyumba ileile, ghorofa ileile, na mimi ni mweusi yuleyule, na mtoto wangu yuleyule. Eneo linanifaa sana, asante. Odessa anatoka kitandani kengele ya shule ikikaribia kulia, na mwalimu wake ameniandikia kwamba wiki nzima hajasinzia.

Pili, mmedhani nikipata pa kulala nitanyamaza. Sikufungua shauri ili nipewe nyumba. Nyumba nimepewa na bibi mmoja mkaidi aliyeona haya. Kwenye ubao wenu vimebaki visanduku vingapi, wakili, na nyuma ya kila kimoja kuna mama gani amekaa juu ya maboksi? Hao hawana Bibi Pacholski. Wana ninyi. Ndiyo maana siendi popote.

Hakimu anaweza kusema mko sawa. Nimeambiwa hivyo na watu wanaojua, na sijidanganyi. Kama sheria inasema kuuliza si kusema, basi nataka iandikwe kwa jina, wazi, ili kila mtu aisome na kuona aibu pamoja nasi. Kisha tutakwenda kwa wanaotunga sheria.

La mwisho nitakuhadithia, uliweke faili. Siku tuliyohama theluji ilikuwa imefika magotini. Lori lilipokunja kuingia mtaani dereva alianza kulalamika kwamba hakuna pa kusimama, na piano haiwezi kubebwa kutoka kona. Magari yalikuwa yamebanana pande zote mbili. Ila mbele ya mlango wetu palikuwa na nafasi ndefu, imechimbwa mpaka lami inaonekana, kingo zimenyooka. Katikati yake palikuwa na kiti cha jikoni, na juu ya kiti kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene, herufi za kutetemeka: TRIBBLE.

Bibi alikuwa amesimama barazani na koleo lake, mwekundu kwa baridi, akimfokea kijana mmoja aliyetaka kuegesha gari pale. "Huoni kiti? Hapa pana mtu!"

Alikiweka yeye. Ukimuuliza mahakamani atakwambia. Na ninyi mtakapoulizwa nani aliweka kisanduku kile, natumaini hamtasema kilijiweka.

Barua zenu zileteni mlango wa mbele.

Ozella Tribble